DVD ya Linux niliyochoma haibuti, naombeni msaada (niko Moshi)

Mwalimu_Pasua

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Niko Moshi, Pasua, nafundisha kompyuta kwa vijana kwenye kituo kidogo, tuna mashine sita za mezani za msaada, za zamani kweli, nne zina Windows 7 na mbili bado XP. Tatizo lililonichosha ni virusi, kijana akichomeka flashi yake hapa akienda nayo kwingine mafaili yote yamegeuka shotikati, wazazi wameanza kulalamika kwamba kituo kinaua flashi za watoto. Nikaamua niweke Linux Mint zote, mfumo wa bure wa kukaa badala ya Windows.

Nimeenda kafe moja nikadaunlodi Mint ya Xfce (ile yenye desktop nyepesi), faili moja kubwa linaishia na .iso, nikalibeba kwenye hadi diski ya nje, nikanunua DVD tupu nikachoma kwa laptop yangu ya Windows 10 ambayo bado ina draivu ya DVD. Ikasema imemaliza vizuri. Naweka DVD kwenye mashine, nawasha, taa ya draivu inawaka kidogo, inalia lia, halafu inapitiliza inaingia Windows kama vile hakuna diski. Kwenye BIOS, yaani programu ya ndani inayoamsha mashine, nimeshaweka CD iwe ya kwanza. Nimechoma ya pili, vile vile.

Kabla hamjaniambia nitumie flashi, mbili kwenye orodha ya kubuti hazina USB kabisa, kuna flopi, hadi diski na CD basi. Hizo nne zina USB-FDD na USB-ZIP, nimejaribu zote hazikubali. Kwa hiyo kwangu ni DVD tu. Nakosea wapi?

Fundi_Ngarenaro

Marahaba mwalimu. Kabla ya yote nijibu kitu kimoja, hiyo DVD uliyochoma ukiifungua kwenye Windows unaona nini ndani? Unaona folda nyingi, casper, boot, isolinux, au unaona faili moja tu lile lile la .iso?

Mwalimu_Pasua

Faili moja, lile lile la .iso. Si ndilo nililochoma?

Fundi_Ngarenaro

Basi tatizo ni hilo, na wala usijisikie vibaya, hapa mezani kwangu Ngarenaro wanaoniletea DVD za namna hiyo ni wengi mno.

Iko hivi. Faili la .iso ni diski nzima iliyopigwa picha, kuanzia mwanzo wake mpaka mwisho, na mafaili yote na mpangilio wake wote. Ukilikopi likakaa ndani ya DVD kama unavyokopi nyimbo, umeweka diski ndani ya diski, na ile ya ndani hakuna wa kuifungua. Ni kama mgeni amekuja na njaa unamwekea mkungu wa ndizi mezani unamwambia karibu mtori. Mtori umo mle lakini hajapikiwa.

Mashine ikiwaka BIOS haijui mambo ya kufungua mafaili. Yenyewe inakwenda moja kwa moja sehemu maalumu ya diski, sekta namba 17 ukihesabu kuanzia sifuri, inatafuta pale alama ya kwamba diski hii inabuti na programu ya kuanzia iko mahali fulani. Huo utaratibu unaitwa El Torito, ni wa tangu 1995 na mpaka leo ndio unaotumika. DVD yako pale kwenye sekta ya 17 haina hiyo alama, kwa hiyo BIOS inaona ni diski ya kawaida inapita zake kwenye hadi diski. Ndiyo maana inalia kidogo halafu inaingia Windows.

Sasa fanya hivi, kwenye hiyo Windows 10 bonyeza faili la .iso kwa kitufe cha kulia cha mausi utaona "Burn disc image". Kama huioni basi uliwahi kuinstoli WinRAR au 7-Zip ikalimiliki faili, nenda "Open with" uchague Windows Disc Image Burner. Weka tiki kwenye kuhakiki diski baada ya kuchoma. Na laptop iwe na betri imejaa, umeme ukikatika katikati ya kuchoma DVD-R hiyo diski imekwenda, huwezi kuirudia.

Kijenge_Juu

Ase mambo ya DVD mwaka huu? Chukua flashi ya GB 8, weka Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kubuti, dakika tano umemaliza. Au weka Ventoy halafu unakopi ISO hata kumi kwenye flashi moja, ukibuti unachagua unayotaka. DVD zinachubuka, zinapoteza muda.

Fundi_Ngarenaro

Mdogo wangu, kasema tangu mwanzo USB imekataa kwenye BIOS. Rufus na Ventoy ni nzuri sana, mimi mwenyewe natumia kila siku kwa mashine za kuanzia kama 2010 kuja juu, lakini kama BIOS haiwezi kusoma flashi wakati wa kuwaka hata ungeweka dhahabu kwenye flashi haitaiona.

Njia ya kati ipo, inaitwa Plop Boot Manager, ni ISO ndogo sana, unaichoma kwenye CD, mashine inabuti kwa CD halafu Plop yenyewe ndiyo inaamsha USB. Nimeifanya ikakubali, na nimeifanya mashine nyingine ikagoma. Kwa mwenye draivu nzima ya DVD ni bora aende na DVD moja kwa moja. Mwalimu angalia kwanza mbele ya kila trei, kuna nembo. Kama imeandikwa Compact Disc peke yake bila neno DVD hiyo draivu haisomi DVD hata ungeipuliza vipi.

Mwalimu_Pasua

Nembo nimeziangalia, zote sita zina DVD, asante.

Nimechoma upya kwa "Burn disc image" kama ulivyosema, nikaweka na tiki ya kuhakiki, ikamaliza ikasema hakuna kosa. Nikafungua ndani nikaona folda nyingi, nikafurahi. Nikaweka kwenye mashine ya kwanza, ikabuti kweli! Nembo ya Mint ikatokea, vidoti vikatembea, halafu ikasimama. Nimesubiri nusu saa. Nikabonyeza Esc nikaona maandishi mengi meupe yanajirudia SQUASHFS error, SQUASHFS error, mpaka chini.

Halafu kwenye moja ya zile za XP haikufika hata kwenye nembo, ilisema "This kernel requires an x86-64 CPU, but only detected an i686 CPU". Nimejaribu na mwenzake, jibu ni hilo hilo.

Hivi ni diski mbovu au mashine zimechoka? Maana imehakiki na ikasema sawa.

Fundi_Ngarenaro

Umepiga hatua kubwa, hayo ni matatizo mawili tofauti, usiyachanganye.

La pili ni jepesi kueleza. Zile za XP prosesa yake ni ya biti 32, na Mint ya kawaida tangu toleo la 20 la mwaka 2020 inatoka kwa biti 64 peke yake. Hapo DVD haina kosa, umeipa mashine kitu ambacho prosesa yake haiwezi kukitekeleza. Zina RAM kiasi gani?

La kwanza ndilo nataka ulielewe vizuri kwa sababu ndilo linalopoteza diski za watu. Squashfs ni lile faili kubwa kabisa ndani ya DVD, lipo kwenye folda ya casper, mfumo wote umekandamizwa mle. Likiwa na hata kipande kidogo kilichoharibika linapiga kelele hizo. Sasa unajiuliza mbona imehakiki ikasema sawa? Kuhakiki kule kunalinganisha diski na faili lililoko kwenye laptop yako. Kama faili lenyewe lilishaharibika wakati wa kudaunlodi, diski imekopi ule ubovu kwa uaminifu kabisa, na vikilinganishwa vinafanana. Inakuambia umechoma sawasawa na ulichonacho, haikuambii ulichonacho ni kizima.

Kwa hiyo tunahakiki faili lenyewe. Fungua cmd (lile dirisha la Windows la kuandika amri), andika:

certutil -hashfile E:\mint.iso SHA256

badilisha herufi ya draivu na jina la faili viwe vya kwako. Subiri, kwa hadi diski ya nje inaweza kuchukua dakika kadhaa. Itakupa mstari wenye herufi na tarakimu 64, hiyo SHA256 ni kama alama ya kidole ya faili. Nenda kwenye ukurasa wa Mint, toleo lile lile na Xfce ile ile, fungua sha256sum.txt, linganisha mstari kwa mstari. Tofauti ya herufi moja tu, faili ni bovu, usichome.

Na hii sio kwa ajili ya mtandao mbovu tu. Tarehe 20 Februari 2016 wahuni waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe wakaelekeza watu kwenye ISO ya Mint 17.3 Cinnamon waliyoichezea, ina mlango wa nyuma. Waliodaunlodi siku ile wakaiweka bila kukagua waliinstoli mwizi kwa mikono yao wenyewe. Ndiyo maana lile faili la sha256sum lina saini ya gpg pembeni yake, ya kuthibitisha kwamba limetoka kwa wenyewe, ukizoea utajifunza na hiyo, kwa leo anza na namba.

Mwalimu_Pasua

RAM za zile mbili ni GB 1 kila moja, hizi nne ni GB 2.

Nimefanya certutil. Namba hazifanani kabisa, kuanzia herufi ya kwanza. Cha kushangaza ukubwa wa faili ni ule ule ulioandikwa kwenye tovuti, sijapungukiwa hata kidogo. Sasa nakumbuka kule kafe umeme ulikatika mara mbili, kijana wa pale akawa anaiendeleza pale ilipoishia.

Nimechoka kidogo kusema kweli, hilo faili ni karibu GB 3 na bando langu la mwezi halifiki huko. Kafe ni ile ile.

Dada_Tengeru

Mwalimu pole sana, nimesoma uzi wako wote tangu jana. Ukubwa kufanana usikudanganye, programu nyingi za kudaunlodi zinatenga nafasi ya faili zima tangu mwanzo, vipande vya katikati vikikosewa ukubwa unabaki ule ule. Namba ya SHA256 ndiyo ya kuamini.

Mimi niko Tengeru, ofisini tuna intaneti nzuri usiku. Ninayo Mint 22 Xfce niliyoikagua, namba zimelingana. Kwa zile mbili za XP ukitaka familia ile ile ya Mint kuna LMDE 6 (Mint iliyojengwa juu ya Debian, Linux nyingine) ya biti 32, ila kwa GB 1 ya RAM itakusumbua, wenyewe Mint wanataka angalau GB 2. Mimi ningekushauri antiX 23 ya biti 32, Linux nyepesi sana, ile imetengenezwa kwa ajili ya mashine za namna hiyo hasa. Na haraka haraka ichukue uitunze maana biti 32 inaachwa na wengi, Debian 13 ya mwaka 2025 haina tena diski ya kuinstoli ya biti 32, na LMDE 7 nayo imeiacha.

Nitakuwekea zote mbili kwenye flashi, pamoja na faili za sha256 zake, nimpe dereva wa Kosta ninayemfahamu kesho asubuhi, uipokee stendi. Ukipokea kagua tena kwa certutil kabla ya kuchoma, hata kama nimekagua mimi, flashi nazo huwa zinakosea. Nitumie namba yako inboksi.

Kingine ambacho hakijasemwa. Ile programu ya Windows haikuruhusu kuchagua spidi ya kuchoma. Kwa draivu za zamani mimi nachoma kwa programu ya ImgBurn, nachagua "Write image file to disc", spidi 4x, naiacha ichukue muda wake. Wakati wa kuiinstoli hiyo ImgBurn soma kila ukurasa usikubali vitu vya ziada inavyotaka kukuwekea.

Kijenge_Juu

Hapa nimejifunza, sikujua kwamba kuhakiki diski na kuhakiki faili ni vitu viwili. Samahani mwalimu nilikimbilia kwenye flashi. Swali kidogo kwa wakubwa, Ubuntu nayo inaingia kwenye DVD ya kawaida?

Dada_Tengeru

Ubuntu 24.04 ya desktop haiingii, inazidi GB 5. DVD ya kawaida imeandikwa 4.7 lakini Windows inavyohesabu utaona kama 4.37. Utahitaji DVD ya tabaka mbili na hizo madukani hapa Arusha mimi sizioni siku hizi.

Mwalimu_Pasua

Flashi nimeipokea stendi saa nne asubuhi, dada Mungu akubariki sana. Certutil nimefanya kwa zote mbili, zimefanana, nilimwita kijana mmoja wa darasani anisomee namba za kwenye faili mimi nafuatisha kwenye skrini, herufi 64 mara mbili, darasa zima lilinyamaza.

Nimechoma kwa ImgBurn 4x. Mashine tatu za Windows 7 zimebuti vizuri mpaka kwenye desktop ya Mint bila kuinstoli, nimejaribu sauti, mtandao, kila kitu. antiX nayo imekubali kwenye zote mbili za XP, ase inawaka haraka kuliko ile XP. Imebaki mashine moja, DVD ile ile inayofanya kazi kwa wenzake hii inasoma, inarudia, inasoma, inarudi Windows. Siku nyingine inabuti nusu.

Fundi_Ngarenaro

Hiyo ni lenzi ya draivu. Mashine yako naamini iko karibu na dirisha au mlango, vumbi letu la huku ni laini kama unga, linapenya mpaka ndani ya trei. Zima mashine, chomoa waya wa umeme kabisa. Ukiwa na kipini kilichonyooshwa kuna tundu dogo mbele ya trei, sukuma taratibu trei itoke. Kwa draivu ya mezani lenzi iko ndani, itabidi ufungue skrubu nne za chini utoe kifuniko. Utaona kijicho kidogo kama punje ya dengu kinachong'aa kibluu. Chukua pamba ya masikioni, ichovye kidogo kwenye spiriti ile ya dukani, iguse juu ya kile kijicho ukizungusha kwa wepesi sana bila kukandamiza, kimekaa juu ya waya nyembamba mno. Kiache kikauke dakika kumi.

Na DVD yenyewe igeuze, iangalie kwenye mwanga wa jua kwa upande. Utaona mviringo wa rangi mbili, sehemu iliyochomwa imekoza kuanzia katikati kwenda nje, sehemu tupu imepauka. Kwa GB karibu 3 ule mkozo lazima upite nusu ya diski. Kama kuna alama ya kidole au mchubuko juu ya ile sehemu iliyokoza, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, sio kwa kuzungusha.

Halafu usisahau, ukichagua "Erase disk" wakati wa kuinstoli kila kilichomo kwenye hadi diski kinaondoka. Hamisha kazi za vijana kwanza.

Mwalimu_Pasua

Kazi zao nimeshazihamisha zote kwenye hadi diski ya nje. Swali moja, DVD ya Mint ninayo moja na mashine ni nne. Mashine ya kwanza ikishafika kwenye desktop naweza kuichomoa DVD niipeleke ya pili?

Dada_Tengeru

Hapana usichomoe, ile desktop unayoiona inasomwa kutoka kwenye DVD muda wote, ukitoa itakwama. Subiri iinstoli mpaka mwisho, itakuambia yenyewe toa diski ubonyeze Enter. Kwa mashine za umri huo hesabu zaidi ya nusu saa kila moja. Au choma nakala mbili, faili unalo tayari na umeshalikagua.

Mwalimu_Pasua

Nimerudi kuwapa majibu. Nimechoma nakala tatu. Ile mashine moja fundi nilifungua draivu, kile kijicho kilikuwa na ukungu wa vumbi jekundu, pamba ilitoka na rangi ya udongo. Imesoma DVD mara ya kwanza tu baada ya hapo. Mpaka jana saa kumi na moja jioni mashine zote sita zimeingia, nne Mint, mbili antiX.

Leo asubuhi kijana wa kwanza kuchomeka flashi yake alishtuka, akaniita. Zile shotikati alizokuwa anaziona kila siku zipo, zinaonekana kama vifaili vidogo vinavyoishia na .lnk, na pembeni yake zipo folda zake halisi za tangu mwaka jana, picha za mahafali na kazi zake za Excel, ambazo Windows ilikuwa inamwonyesha hazipo. Alidhani zilifutika. Nimwambie afute hizo .lnk peke yake au kuna kingine?

Fundi_Ngarenaro

Virusi vilikuwa vimezifanya folda zake kuwa za siri, na Linux haiifuati ile alama ya siri ya Windows ndiyo maana anaziona. Afute .lnk zote, na akiona faili la ajabu linaloishia na .vbs au .exe au autorun.inf ambalo yeye hakuliweka alifute pia. Kwanza akopi folda zake kwenye mashine, halafu aiformati flashi, arudishe. Na wengine wote wafanye hivyo hivyo hapo hapo kwako kabla hawajaenda nazo nyumbani.

Mwalimu_Pasua

Sawa, tunaanza saa nane mchana, wako kumi na wanne.